Surf 5VZ ya 1997: ikipata moto inateleza kuingia gia ya tatu, rivasi inachelewa

Vzn185_Moro

Wakuu, habari za majukumu. Gari ni Hilux Surf ya 1997, injini 5VZ-FE, gia boksi ya otomatiki A340F yenye transfa (ya kuendesha magurudumu manne), dashi inasoma kilomita 268,000. Ikiwa baridi haina neno: D na R zinashika hapo hapo na gia zinabadilika laini. Ikishapata moto, baada ya nusu saa ya foleni au kupanda mlima, yanajitokeza mambo mawili.

La kwanza, ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapaa peke yake, kutoka 2,500 hadi kama 3,300, ndipo gia inashika. Nikikanyaga mafuta kwa upole hali ni afadhali, nikikanyaga zaidi inazidi. La pili, nikiweka R inakaa sekunde tatu hivi kisha inashika kwa kishindo. D inashika bila kuchelewa.

Kutoka ya kwanza kwenda ya pili hakuna shida, O/D (gia ya nne) inaingia, taa ya O/D OFF haipepesi. Oili iko kwenye alama, rangi imekolea kama chai ya rangi. Fundi mmoja kasema mwaga oili uweke mpya, mwingine kasema usiiguse kabisa, tafuta gia boksi nyingine. Naomba mwelekeo kabla sijaingia gharama.

---

SpanaKumi

Mkuu, "iko kwenye alama" haitoshi, inategemea umepimaje. Gia boksi hii hupimwa injini ikiwa inaunguruma, gari liko tambarare, na oili imefika nyuzi 70 hadi 80. Dakika ishirini za kutembea zinakufikisha hapo. Kanyaga breki, pitisha liva kutoka P hadi L ukisimama kidogo kila nafasi, irudishe P, chomoa kijiti, ufute, ukizamishe mpaka mwisho, uchomoe tena usome. Oili ikae kati ya alama mbili za HOT. Alama za COOL ni za kukuongoza wakati wa kujaza tu. Ukipima injini imezimwa, oili ya kwenye toki konvata (kiunganishi cha oili kati ya injini na gia boksi) inashuka kwenye sampu (trei ya oili chini), kijiti kinasoma imejaa kumbe imepungua.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Ikisambaa rangi ya kahawia isiyo na chembe, imezeeka tu. Ikiacha doa jeusi katikati na inanuka kuungua, kuna klachi (pleti za ndani zinazobanwa kwa oili ili gia ishike) imeshaliwa. Ikiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, usiwashe tena: maji ya rejeta yameingia, na hilo nitalirudia chini kwa sababu Surf hizi za V6 zinalijua sana.

Sasa nenda kwenye kitu ambacho gereji nyingi hukiruka: waya wa akseleta wa gia boksi. Fungua boneti, tazama throto bodi. Kuna waya wa pili unaoshuka kwenda kwenye gia boksi. Huo hauamui gia ibadilike lini. Hiyo ni kazi ya kompyuta ikisoma sensa ya throto na sensa za spidi. Waya unaamua presha ya oili inayobana klachi. Ukilegea, presha inakuwa ndogo kuliko nguvu ya injini, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo klachi inavyoteleza. Umesema ukikanyaga zaidi inazidi, kwa hiyo siwezi kuuacha.

Kuupima: mtu akanyage akseleta mpaka chini, injini imezimwa, na uhakikishe throto imefunguka yote. Tazama mwisho wa ganda la waya na kile kishikizo kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye waya wenyewe. Nafasi kati yake iwe 0 hadi 1 mm. Ikizidi, legeza nati mbili za marekebisho, usogeze ganda, ubane tena. Usiuvute kupita hapo ukidhani unaongeza usalama. Gia zitaanza kuingia kwa kugonga. Na kama plastiki ya ganda imekatika au waya umeanza kukwama, badilisha, maana marekebisho hayatakaa.

---

umeme_na_waya

Naongezea upande wa umeme ili uufunge kabla ya kufungua chuma.

Kusoma kodi (namba za hitilafu) huhitaji mashine. Kwenye kisanduku cha DIAGNOSTIC ndani ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha injini, kitufe cha O/D kiwe ON. Taa ya O/D OFF ikipepesa haraka haraka bila kusimama, hakuna kodi. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: 42 na 61 ni sensa za spidi, 62 ni solenoidi (valvu ya umeme) S1, 63 ni S2, 64 ni ile ya kufunga toki konvata. Gari lisilo na kisanduku hicho lina soketi ya pini 16 chini ya dashi, hapo unaunganisha pini ya 4 na ya 13. Hakikisha umehesabu pini sawasawa, maana ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Solenoidi S1 na S2 zinapimika kwa multimita, kila moja isome omu 11 hadi 15 kati ya waya wake na bodi. Lakini kwa dalili zako mimi siziweki mbele. Gia ya kwanza S1 imewaka na S2 imezima; ya pili zote zimewaka; ya tatu S1 imezima na S2 imewaka; O/D zote zimezima. S1 ikifa kiumeme, gari linaanza kuondoka na gia ya tatu, linakuwa zito kama limebeba kokoto. S2 ikifa, linaruka kutoka ya kwanza hadi O/D. Lako linapita gia zote kwa mpangilio. Na kuchelewa kwa R hakuelezeki kwa solenoidi hizo.

Jaribio moja la kukata mzizi wa ubishi: chomoa plagi ya solenoidi pembeni mwa gia boksi, tembea barabara tupu. Kwenye L upate gia ya kwanza, kwenye 2 upate ya tatu, kwenye D upate O/D. Hapo kompyuta haina mkono wowote. Kama gari likiwa moto ukihamisha liva kutoka L kwenda 2 bado injini inapaa kabla ya kushika, tatizo ni oili na klachi, wala usinunue kompyuta ya mtumba. Fanya kwa mwendo mdogo, na ukimaliza futa kodi kwa kuchomoa fyuzi ya EFI sekunde kumi na tano hivi.

---

valvubodi

Waliotangulia wamesema vizuri. Mimi nataka tusome dalili zako pamoja, kwa sababu zimeshatuambia pa kwenda.

Gia boksi ya A340 ina klachi C1 inayoshika gia zote za mbele, na C2 inayoshika gia ya tatu, O/D na rivasi. Rivasi inahitaji C2 pamoja na breki B3. B3 hiyo hiyo inafanya kazi ukiwa L, ndiyo inayofanya injini izuie gari kwenye mteremko.

Pitia sasa: D inashika mara moja, basi C1 ni nzima. Ya kwanza kwenda ya pili haina neno, basi B2, breki ya gia ya pili, ni nzima. Ya pili kwenda ya tatu inateleza na R inachelewa. Kitu kinachopatikana kwenye zote mbili ni C2. Bado kuna mtuhumiwa mmoja wa kumwondoa, B3. Gari likiwa moto, weka L, kimbia hadi kilomita 30 kwa saa, achia mafuta. Injini ikizuia gari kwa nguvu, B3 iko sawa, unabaki na C2 peke yake.

Kwa nini ikiwa baridi haionekani? Oili baridi ni nzito, haipenyi kwa urahisi pembeni mwa oringi zilizokauka. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inavujia ndani, pistoni ya klachi inajazwa polepole, pleti zinateleza kabla ya kubanwa. Raba ya miaka zaidi ya ishirini na mitano inakuwa ngumu, huo ni umri wake. Kila inapoteleza pleti zinaungua kidogo, kwa hiyo usiendelee kulitumia hivyo miezi sita ukisubiri hela.

Usishushe gia boksi bado. Pima presha kwanza. Kuna tundu la kupimia lenye plagi ya nyuzi za inchi 1/8. Funga geji inayofika walau baa 20. Pima ikiwa baridi na ikiwa moto, injini silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), kwenye D na kwenye R. Presha ya R lazima iwe juu ya D kwa wazi. Kile kipimo cha kubana breki na kukanyaga mafuta yote, kwa klachi inayoteleza tayari mimi siupendi. Ukilazimika, kisizidi sekunde 5, na uipumzishe dakika nzima kabla ya kurudia.

Namna ya kusoma: D na R zote zikiwa chini, tafuta filta iliyoziba, waya wa akseleta, pampu, au valvu ya kurekebisha presha. D ikiwa nzuri na R ikianguka, uvujaji uko kwenye C2 au B3.

---

SpanaKumi

Kuhusu ubishi wa kumwaga oili. Ile habari kwamba oili mpya inaua gia boksi imetokana na watu kusubiri mpaka inateleza ndipo wabadilishe. Ilikuwa inakufa hata kabla. Oili mpya hairudishi oringi zilizokauka, na ya zamani haigandishi klachi zilizokwisha. Mimi ningeibadilisha kwa sababu moja: kushusha sampu ili nione sumaku.

Ukifungua nati ya kumwagia unapata karibu lita 2 tu, wakati gia boksi nzima na toki konvata hubeba karibu lita 10. Sampu imegandishwa kwa silikoni, haina gasketi ya kiwandani, kwa hiyo ingiza kisu chembamba taratibu usije ukapinda kingo. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikwa na sumaku ni beringi, gia au pleti za chuma. Chembe za njano zisizoshikwa na sumaku ni bushi. Matope meusi mazito ni klachi. Wakati wa kufunga, boliti za sampu ni ndogo, spana namba 10, zinabanwa Nm 7 tu. Ukitumia nguvu za mkono wa gurudumu zitakatikia ndani.

Aina ya oili imeandikwa kwenye kijiti chenyewe. Kama kimeandikwa DEXRON weka Dexron III, usiweke T-IV (aina nyingine ya oili ya Toyota) kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani.

---

Vzn185_Moro

Wakuu, nimerudi na majibu.

Hakuna kodi. Waya wa akseleta ulikuwa na pengo la kama 5 mm, nimeurekebisha hadi 1 mm. Kupaa kwa injini kumepungua nikikanyaga mafuta mengi, lakini hakujaisha. R ikiwa moto bado inachukua zaidi ya sekunde mbili. Kwenye L injini inazuia gari vizuri.

Presha kwenye silensa ikiwa baridi: D baa 4.5, R baa 6.6. Ikiwa moto: D 4.2 imetulia, R mshale unapanda polepole na kuishia 4.9. Oili ina harufu kidogo ya kuungua, sumaku ina unga mweusi lakini sikuona vipande. Plagi nilichomoa, kutoka L kwenda 2 bado inapaa.

---

valvubodi

Majibu yako yamenyooka. D inashuka kidogo tu ikiwa moto, hiyo ni kawaida. R kutoka 6.6 hadi 4.9 ni uvujaji, na kwa kuwa B3 imepita mtihani wa L, unavuja kwenye njia ya C2.

Kuna kipimo kimoja cha mwisho kabla ya kushusha. Valvu bodi (bamba la valvu zinazogawa oili) inatoka gari likiwa juu ya stendi, bila kutoa gia boksi. Subiri oili ipoe, toa sampu na filta, chomoa plagi za solenoidi, toa waya wa akseleta kwenye kile kijikamu chake, kisha boliti za valvu bodi. Boliti zina urefu tofauti: chora umbo la valvu bodi kwenye katoni na uchomeke kila boliti mahali pake. Iteremshe ikiwa imelala usawa. Juu yake kuna springi na kivalvu kidogo kinachokaa kwenye bodi ya gia boksi. Vikidondoka usijue vilikokaa, umejiongezea wiki. Kuanzia hapo kitambaa chenye nyuzi ni marufuku.

Sasa una matundu ya oili mbele yako. Kwa mchoro wa manyuo (kitabu cha ufundi) tafuta la C2 na la B3. Pulizia hewa ya kompresa, baa 4 hadi 6, kwa mdomo wa raba. B3 itakupa mlio mzito mmoja, "dup", ukiendelea kupuliza inatulia. C2 ikikupa mlio wa hewa inayotoroka "ssss" bila kishindo, oringi za pistoni au ringi za kwenye sapoti ya O/D (kishikilio ambacho ngoma ya C2 inazungukia) zimekwisha. Ikikupa kishindo kizuri bila kutoroka, basi usishushe: toa akyumuleta ya C2 (pistoni ndogo yenye springi inayolainisha presha) hapo hapo kwenye bodi, kwa hewa ndogo ya baa 1 huku umeifunika kwa kitambaa safi, ubadilishe oringi zake na uangalie springi kama imevunjika. Akyumuleta iliyochoka inaleta kupaa kwa gia ya tatu vilevile. Presha yako inavyoanguka, nategemea C2, lakini kipimo hiki ni saa chache na kinaweza kukuokolea kazi ya siku tatu.

Kurudishia: boliti za valvu bodi Nm 10, na hakikisha pini ya liva imeingia kwenye mfereji wa valvu ya mkono. Ikikosea liva itasogea bila gia kubadilika.

---

Njoro4x4

Kwa wenye kufikiria kununua gia boksi ya mtumba, Kirinyaga Road (Nairobi) au Gerezani (Dar), jina A340F pekee halitoshi. Ya injini ya 1KZ dizeli na ya injini ya 3RZ zina nyumba ya mbele tofauti na ya 5VZ, na toki konvata pia ni tofauti. Ichukue pamoja na toki konvata yake, na uulize ilikuwa kwenye injini gani. Kabla ya kulipa, mwomba muuzaji afungue sampu. Akikataa, umepata jibu. Hata ukiipata nzuri, oringi zake zina umri ule ule wa hizi zako, ndiyo maana kwa gari la aina hii mimi naona kuifungua iliyopo, ambayo historia yake unaijua, kuna mantiki zaidi.

---

Vzn185_Moro

Hewa imetoa jibu: B3 inapiga kishindo, C2 inatoroka. Nashusha. Nisisahau nini?

---

valvubodi

Agiza kifurushi kizima cha oringi, sili na gasketi, usinunue za C2 peke yake. Ukishaifungua, C0 (klachi ya upande wa O/D) na C1 zina raba za umri ule ule. Pleti za klachi za C2 badilisha zote, za karatasi na za chuma ikiwa za chuma zina madoa ya bluu. Ringi za sapoti ya O/D ni za lazima. Kwenye sapoti yenyewe angalia mifereji ya ringi na sehemu ambapo ngoma ya C2 inazungukia: ikiwa ina michirizi inayokwaruza ukucha, ringi mpya zitaliwa tena. Bushi ya ngoma ikilegea, ringi hazikai katikati, na unarudi kwenye uvujaji ule ule baada ya muda mfupi. Hapo ndipo matengenezo mengi ya bei rahisi yanapofia.

Pleti mpya za karatasi zilowe kwenye oili angalau dakika 15 kabla ya kufungwa. Oringi zipake oili ile ile ya gia boksi au vaselini, usipake grisi ya beringi, haiyeyuki na inaziba vitundu. Ukishapanga ngoma, iweke juu ya sapoti, pulizia hewa, pima mwendo wa pistoni kwa dayali geji ulinganishe na manyuo. Usipolingana, chagua flanji (pleti nene ya mwisho) ya unene mwingine. Usiruke hatua hii.

Toki konvata: irudishe kwa kuizungusha huku ukiisukuma hadi izame hatua zote na meno yashike pampu. Gia boksi ikigusa injini, toki konvata lazima ibaki huru kuzunguka na kusogea kidogo kwenda mbele kabla ya kufunga boliti zake. Kama nyumba haifungi mpaka uvute kwa boliti, simama. Ukilazimisha unavunja pampu, na utajua siku ya kuwasha, D na R zote zikiwa kimya.

---

SpanaKumi

Na rejeta, kama nilivyoahidi. Kipozeo cha oili ya gia boksi kwenye Surf hizi kiko ndani ya tenki la chini la rejeta. Kikipasuka, oili na maji vinachanganyika, na maji yanabandua gundi ya pleti za karatasi ulizozinunua jana. Rejeta ikiwa ya zamani kama gari, ibadilishe wakati huu huu au weka kipozeo cha nje na uache cha ndani bila kutumika. Mabomba yasafishwe kwa oili na hewa, maana unga wa klachi uliolala humo ndio wa kwanza kuingia gia boksi mpya.

Kujaza: nunua lita 12. Weka lita 4 kabla ya kuwasha, washa, ongeza mpaka COOL, pitisha liva zote, kisha jaza polepole ukifuata HOT baada ya kutembea. Oili ya zamani iliyobaki kwenye toki konvata inatoka kwa kuchomoa bomba la kurudia kutoka kwenye rejeta, mdomo uingie kwenye ndoo: injini silensa, ikitoka lita 2 zima, rudisha lita 2, endelea hivyo mpaka itoke nyekundu safi. Usiiache iendelee kutapika zaidi ya hapo, pampu isije ikavuta hewa.

Baada ya kilomita 500 hivi mwaga zile lita 2 za sampu, uangalie sumaku tena, na upime R ikiwa moto. Kiwango cha Toyota kwa kuchelewa ni chini ya sekunde 1.2 kutoka N kwenda D, na chini ya 1.5 kutoka N kwenda R.